Kuonyesha Michakato ya Ndani katika Orodha ya Shughuli za Hifadhidata

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la elimu ya kompyuta ambalo, kwa maoni yetu, linawahusu wanalugha zaidi ya linavyodhaniwa. Jambo lenyewe ni hili: programu inayotunza hifadhidata inapotakiwa itoe orodha ya kazi zinazofanyika ndani yake kwa wakati fulani, je, itaje kazi za watumiaji peke yake, au itaje pia kazi zake yenyewe, zile ambazo hakuna mtu aliyeziagiza?

Swali hili linatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kamusi, mikusanyo ya matini, na rekodi za utafiti wa lahaja zinahifadhiwa siku hizi katika hifadhidata, na mwenye mali hapaswi kuwa mgeni kabisa wa ghala lake. Ya pili ni kwamba wanalugha ndio wanaoombwa kuunda istilahi za mitambo hii, na haiwezekani kukipa kitu jina linalokifaa bila kwanza kufahamu kazi yake.

Mfano wetu utakuwa PostgreSQL. Asili yake ni mradi ulioanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya uongozi wa Michael Stonebraker. Jina ililo nalo sasa ilipewa mwaka 1996. Programu hii hutolewa bila malipo, na hutumika kwa kazi nyingi mno. Mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS2, ambao Kenya ilianza kuutumia kote nchini mwaka 2011, huhifadhi takwimu zake ndani ya PostgreSQL.

2. Abiria na mabaharia

Yafaa tuanze kwa mfano wa jahazi. Abiria huonekana: kila mmoja ana jina, mahali alipopandia, na mahali anapokwenda. Lakini chombo hakiendi kwa abiria. Yupo nahodha, yupo serahangi, wapo wanaoshughulikia tanga, na yupo yule anayeshuka ngamani kufua maji yanayopenya kidogo kidogo kati ya mbao. Huyu wa mwisho abiria hawamwoni, wala hawamkumbuki. Wakimkumbuka, ni kwa sababu maji yamekwisha kufika kwenye mizigo.

Hifadhidata nayo ina sura hiyo. Seva ya PostgreSQL inapowashwa, mchakato mkuu mmoja hukaa mlangoni kupokea maombi. Kila programu inayoomba kuunganishwa hupewa mchakato wake peke yake wa kuihudumia. Seva isipobadilishiwa mipangilio, miunganisho hiyo haizidi 100 kwa wakati mmoja. Hawa ndio abiria wetu. Kando yao kuna michakato mingine ambayo seva huizaa kwa ajili ya kujitunza. Tutaitaja ile iliyo muhimu.

Data hukaa katika kurasa za kilobaiti 8 kila mmoja. Mtumiaji anapobadilisha neno katika kamusi yake, ukurasa unaohusika hubadilishwa kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta, na habari za badiliko hilo huandikwa katika daftari maalumu la mabadiliko. Ukurasa wenyewe haupelekwi diskini papo hapo. Hivyo kuna mchakato wa kuandika daftari hilo. Kuna mwingine unaopeleka diskini baadhi ya kurasa zilizobadilika, haba na haba, ambao kwa kawaida hulala milisekunde 200 kati ya zamu na zamu. Na kuna wa tatu ambao, kila baada ya dakika 5 au mapema zaidi daftari likikua sana, huhakikisha kurasa zote zilizobadilika zimefika diskini, kisha huweka alama katika daftari. Umeme ukikatika, seva hurudi kwenye alama hiyo na kusoma daftari kuanzia hapo. Pasipokuwa na alama mpya, kusoma huko huchukua muda mrefu.

Kisha kuna michakato ya usafi. PostgreSQL haifuti papo hapo mstari uliobadilishwa. Huandika mstari mpya na kuuacha ule wa zamani, kwa kuwa huenda mtu mwingine bado anausoma. Mistari hii mifu hubaki imeshika nafasi mpaka ije kuondolewa. Mchakato mmoja huamka na, kwa kila hifadhidata, huanzisha kila dakika 1 mchakato wa pili, ambao hutazama ni jedwali lipi limejaa mistari mifu na kulisafisha. Wasafishaji hawa hawazidi 3 kwa pamoja kwa mipangilio ya kawaida. Kipimo chao ni mistari 50 kuongeza asilimia 20 ya mistari ya jedwali. Tuchukulie jedwali la vidahizo 100,000: usafi utaanza mistari mifu ikishapita 20,050. Huyu ndiye baharia wetu wa ngamani, na hapa ndipo methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta inapofaa zaidi.

3. Hali ilivyokuwa kabla ya mwaka 2017

PostgreSQL ina jedwali la kutazamia liitwalo pg_stat_activity. Si jedwali la data ya mtumiaji. Ni dirisha tu. Ukilisoma, seva hukupa mstari mmoja kwa kila mchakato: namba yake, hifadhidata unayoitumikia, jina la mtumiaji, saa ulipoanza, amri unayoitekeleza au uliyoitekeleza mwisho, na hali yake.

Dirisha hili halikufunguliwa lote kwa siku moja. Katika toleo la 9.2 la mwaka 2012, hali ya mchakato ilitengwa na amri yake, kila moja ikapewa safu yake. Kabla ya hapo mambo hayo mawili yalichanganywa mahali pamoja. Katika toleo la 9.6 la mwaka 2016, zikaongezwa safu za kueleza mchakato unasubiri nini hasa, ambapo awali iliwezekana kujua tu kama unasubiri au hausubiri.

Hata hivyo orodha ilibaki kuwa, kwa sehemu kubwa, orodha ya abiria. Wasafishaji wa majedwali walionekana walipokuwa kazini, lakini mwandika daftari, mpeleka kurasa na mweka alama hawakutajwa kamwe. Mtu aliyetaka kujua habari zao alilazimika kuingia katika mashine yenyewe na kusoma orodha ya michakato ya mfumo endeshi. Njia hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, mwenye kukodi seva kwa kampuni mara nyingi haruhusiwi kuingia katika mashine; ana ruhusa ya hifadhidata tu. Pili, mfumo endeshi huonyesha kwamba mchakato upo na unatumia nguvu kiasi gani, lakini hauwezi kusema mchakato huo unasubiri nini ndani ya hifadhidata.

Matokeo yake yalikuwa ni fumbo la mara kwa mara. Diski ilionekana ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, watumiaji wakalalamika kwamba majibu yanachelewa, na msimamizi akifungua dirisha lake aliona watu wachache waliotulia. Orodha haikusema uongo katika mstari wowote. Uongo ulikuwa katika ukimya wake.

4. Mabadiliko ya toleo la 10

Toleo la 10, lililotolewa tarehe 5 Oktoba 2017, liliifungua sehemu hiyo iliyokuwa imefichwa. Michakato ya ndani iliingizwa katika jedwali lile lile, na safu mpya iitwayo backend_type ikaongezwa mwishoni ili kutaja aina ya kila mchakato. Waundaji wangaliweza kuitengea michakato hii jedwali lake peke yake. Kwa kuiweka pamoja na ile ya watumiaji, walimwezesha msomaji kuona kwa mara moja nani anafanya nini, na nani anamsubirisha nani.

Msomaji wa orodha hiyo mpya hukutana na nafasi tupu nyingi. Katika mstari wa mweka alama hakuna jina la hifadhidata, hakuna jina la mtumiaji, hakuna hali wala amri. Utupu huu si upungufu wa habari, ni habari. Jina la hifadhidata halipo kwa sababu mchakato huo huzitumikia hifadhidata zote za seva. Jina la mtumiaji halipo kwa sababu hakuna aliyeuagiza. Amri haipo kwa sababu hautekelezi amri ya mtu.

Kinachojazwa ni safu za kusubiri, na hapa pana mtego. Kwa muda mwingi mweka alama ataonyeshwa kuwa anasubiri, na sababu itaandikwa CheckpointerMain. Mgeni atadhani amekwama. La hasha: maana yake ni kwamba amerudi katika duru yake kuu na hana kazi mpaka muda ufike. Kusubiri kwa namna hii ni tofauti kabisa na kusubiri kwa mtumiaji ambaye mstari anaoutaka umefungwa na mwenzake. Mmoja anangoja kazi. Mwingine anangoja zamu. Jedwali huzitenga hali hizi mbili kwa kutaja aina ya kusubiri katika safu ya pili, na msimamizi asiyeisoma safu hiyo ataona ugonjwa mahali penye usingizi.

Pamoja na hayo, orodha si kamili hata sasa. Mchakato mkuu unaokaa mlangoni haumo. Mchakato wa kutunza nakala za daftari uliingia katika toleo la 14 la mwaka 2021. Aidha, mtumiaji wa kawaida huona mistari ya michakato hii lakini hafunuliwi maelezo yake, mpaka msimamizi ampe wadhifa wa kusoma takwimu, kama vile pg_monitor, nao pia ulioletwa na toleo la 10.

5. Hasara na faida za kuonyesha

Mtu anaweza kudhani kwamba kuonyesha zaidi ni faida tupu. Sivyo. Orodha ikibadilika, kila hesabu iliyojengwa juu yake hubadilika pia.

Tuchukulie mtu mmoja aliyeunganishwa peke yake na seva iliyotulia yenye mipangilio ya kawaida. Akihesabu mistari ya pg_stat_activity katika toleo la 9.6 atapata 1, yaani yeye mwenyewe. Katika toleo la 10 atapata 6. Katika toleo la 18 la mwaka 2025, ambalo limeongeza michakato ya kusoma diski, atapata 9. Mtu ni yule yule. Sasa tuchukulie kwamba chuo kimeandika programu fupi ya usiku inayongoja watumiaji wote waondoke kabla ya kuizima seva, nayo hujua kwamba wameondoka kwa kuhesabu mistari mingine isiyokuwa wake na kupata sifuri. Baada ya seva kupandishwa toleo, sifuri haitapatikana tena. Programu itangoja mpaka asubuhi. Dawa ni nyepesi: kuhesabu ile mistari tu ambayo safu ya aina inasema "client backend". Lakini dawa hiyo humfaa yule tu anayejua kwamba orodha ya watu imegeuka kuwa orodha ya watu na watumishi.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Msimamizi anayeona michakato asiyoijua, isiyo na jina la mtu, inayosoma na kuandika diski bila kukoma, anaweza kushawishika kuikata. Amri ya hifadhidata yenyewe ya kukata mchakato hukataa kumgusa mweka alama. Lakini akienda kwenye mfumo endeshi na kumuua kwa nguvu, seva italazimika kuwakata watumiaji wote na kuanza kujirejesha kwa kusoma daftari. Akizima usafi kwa sababu unamchelewesha, majedwali yatavimba kwa mistari mifu mpaka kila swali liwe zito.

Upande wa faida, tutataja moja inayotosha kuhalalisha mabadiliko yote. Mtafiti anaweza kufungua shughuli, akasoma vidahizo kadhaa, kisha akaenda nyumbani bila kuifunga. Maadamu shughuli hiyo imebaki wazi na bado inashikilia sura ya data kama ilivyokuwa alipoanza kusoma, msafishaji hawezi kuondoa mistari iliyokufa baada ya hapo, kwa maana huenda mtafiti huyo akahitaji kuisoma. Msafishaji atapita jedwalini, atachoka, na atarudi karibu mikono mitupu. Mtu aliyemwona msafishaji peke yake angesema ni mvivu. Aliyemwona mtafiti peke yake angesema ametulia, hamdhuru mtu. Ni pale wote wawili wanapoonekana katika orodha moja ndipo sababu na tokeo hukutana machoni pa msomaji.

6. Suala la istilahi

Tunafika sasa kwenye uwanja wetu wenyewe. Michakato hii tuiiteje?

Kiingereza huiita kwa neno lenye maana ya mandharinyuma. Katika Kiswahili njia tatu zinajitokeza. Neno usuli, ambalo wahakiki wa fasihi hulitumia, lina maana ya asili au chanzo; mchakato wa usuli ungefahamika kuwa ule ulioanza kwanza. Usemi wa chini kwa chini una harufu ya njama, nao utamtia msimamizi hofu ile ile tunayotaka kuiondoa. Neno ndani halina kasoro hizo: mchakato wa ndani ni ule unaoitumikia nyumba yenyewe, tofauti na ule unaomhudumia mgeni aliyebisha hodi. Kwa sababu hiyo tumelitumia katika makala haya yote.

Ama majina ya mchakato mmoja mmoja, Kiingereza huyaunda karibu yote kwa kiambishi kimoja cha mtenda, na kiambishi hicho hakibagui mtu na chombo. Anayeandika riwaya na mchakato unaoandika kurasa huitwa kwa neno moja. Kiswahili kina njia bora. Mtenda aliye mtu huingia katika ngeli ya M-WA, kama mwandishi, na mtenda aliye chombo huweza kuingia katika ngeli ya KI-VI, kama kipaza sauti, kinasa sauti na kipimajoto. Muundo huu wa kiambishi ki-, kitenzi na yambwa yake umekwisha kuzoeleka, na hauhitaji kubuniwa upya. Tunapendekeza basi kwamba checkpointer iitwe kiweka alama; mchakato wa kupeleka kurasa diskini uitwe kiandika kurasa; ule wa daftari uitwe kiandika daftari; na ule wa usafi uitwe kisafisha majedwali. Katika sehemu zilizotangulia tulisema mweka alama na msafishaji makusudi, ili msomaji aone jinsi ngeli ya M-WA inavyoijaza seva watu ambao hawamo.

Wapenda mfano wa jahazi huenda wakataka kisafisha majedwali kiitwe kifua maji. Jina hilo lina utamu wake, lakini msikilizaji atasikia kifua kwanza na maji baadaye, naye atafikiri juu ya maradhi.

Pana pingamizi moja la kisarufi. Kiambishi ki- peke yake hakihakikishi kwamba kinachotajwa si mtu: kiongozi, kinyozi na kipofu huchukua upatanisho wa viumbe hai, nasi husema kinyozi amekuja. Kwa hiyo tofauti tunayoitafuta haikai katika jina tu, bali katika upatanisho wa sentensi nzima. Ni lazima tuandike kiweka alama kimelala, si amelala. Mfasiri atakayechanganya upatanisho atairudisha ile giza iliyoondolewa na safu ya aina.

Nyakati za kitenzi nazo zina msaada wake. Orodha hii hueleza dakika moja tu ya maisha ya seva. Kiandika kurasa huandika: hiyo ni desturi yake. Kiandika kurasa kinaandika: hiyo ni kazi yake sasa hivi. Kiandika kurasa kimelala: hiyo ni hali aliyomo baada ya kumaliza zamu. Mtu akitafsiri hali hizi zote kwa -na-, msomaji atashindwa kutenga kazi na desturi.

Mwisho, tutazame upya ile mistari ya abiria. Mstari wa "client backend" si mtu. Ni mchakato unaomhudumia mtu, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo mitano, au programu moja ikashika miunganisho kumi kwa niaba ya watu mia. Nao basi unastahili jina la KI-VI: kihudumia mtumiaji. Tukisema seva ina vihudumia 40, tumesema kweli. Tukisema ina watumiaji 40, tumekisia.

7. Hitimisho

Tumeeleza kwamba orodha ya shughuli iliyotaja kazi za watumiaji tu ilificha sababu za mambo mengi. Kwamba toleo la 10 liliingiza michakato ya ndani katika orodha hiyo. Na kwamba kuingizwa huko kusingalikuwa na faida lau kusingaliongezwa safu ya kutaja aina, kwani orodha ndefu isiyobagua hupotosha hesabu kuliko orodha fupi. Kuonyesha na kupambanua ni lazima viende pamoja.

Kiswahili hufanya upambanuzi huo katika sarufi yake ya kila siku, kabla ya safu yoyote kuongezwa. Walio na jukumu la kutafsiri programu za aina hii wakiitumia ngeli ya KI-VI kwa uangalifu, katika jina na katika upatanisho, msimamizi wa hifadhidata atakayesoma orodha hiyo kwa Kiswahili atatambua kwa kiambishi cha kwanza tu ni kipi kinafanya kazi ya nyumba na ni nani aliye mgeni. Hapo hatakuwa na haja ya kukata asichokijua. Itafaa idara zetu za lugha zikae pamoja na idara za kompyuta kuyapima mapendekezo haya, neno kwa neno, mbele ya seva inayofanya kazi.